Baiskeli ya triathloni ya mtumba, miezi minane baadae: nikiwa peke yangu naipa tisa, kwenye kundi naipa mbili

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza watu mnatafuta. Nilitoa milioni nne na laki mbili, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi hataki kubeba mizigo. Fremu ya kaboni, rimu nene za milimita 60, gia 22, pembe zake zote na kile kichupa cha maji kinachokaa katikati ya mikono. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kinachonisumbua kwenye hii baiskeli si kosa la aliyeitengeneza, hata ungenipa ya kampuni nyingine yenye bei mara tatu ningeandika haya haya.

Kwa ambao hawajawahi kuiona kwa karibu, hii kitu sio rodibaiki, ile baiskeli ya kawaida ya mbio za barabarani, iliyorembwa. Usukani wake uko wa aina mbili kwa pamoja. Kuna ule mpana wa chini, umetanuka kama mbawa, huo ndo una breki. Afu katikati yake zinatoka fimbo mbili zinaelekea mbele, pembe za choroa kabisa, unalaza viwiko kwenye vimito vyake na mikono inaenda kushika kule nchani, na kule nchani ndo kuna vijiti vya gia. Kundini kwetu zile fimbo tunaziita pembe, na kukaa kwenye ile staili tunasema kulala. Sasa shika hilo moja tu uende nalo: breki ziko chini kwenye mbawa, gia ziko juu kwenye pembe. Mambo yote nitakayolalamika huko mbele yanaanzia hapo.

Ila raha yake kwanza, nisije nikaonekana mtu wa kuponda. Jumanne na Alhamisi natoka saa kumi na moja alfajiri, naanzia Bunju naelekea Bagamoyo, peke yangu, taa nyuma taa mbele, magari bado machache. Ukishalala kwenye pembe na mgongo ukanyooka, kile kifua kilichokuwa kinabeba upepo wote kinapotea, yani unasikia kabisa hewa inapita juu ya mabega badala ya kukupiga. Kwa rodibaiki yangu ya zamani kipande hicho nilikuwa naenda wastani wa 30 na kidogo, kwa hii nakwenda 33 na mapigo ya moyo ni yale yale, na msimu wa Kusi upepo unakusukuma kutoka mgongoni upande wa kulia basi unajiona umekuwa mtu mkubwa. Kurudi ndo unalipa deni, lakini hata kurudi huko afadhali umelala kuliko umekaa wima kama tanga.

Kingine ni mbio za miguu baada ya kushuka. Siti ya hii baiskeli imesogezwa mbele sana, bomba linalobeba siti limesimama zaidi kuliko la rodibaiki, kwa hiyo hata ukiinama nyonga haijikunji sana. Najiandaa kwenda Rubavu, Rwanda, yale mashindano ya triathloni yanayoitwa 70.3 pembeni ya Ziwa Kivu yaliyoanza mwaka 2022, unaogelea kilomita 1.9, unanyonga 90, unamalizia na kukimbia 21. Sasa mazoezini baada ya kilomita 90 za kulala mapaja yalikuwa bado yananijibu, wakati na ile ya zamani nilikuwa natembea kilomita mbili za kwanza kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Kwa kazi iliyotengenezewa hii baiskeli sina neno nayo, tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya siti ambayo nitaisema baadae.

Sasa tuje Jumamosi.

Jumamosi kuna kundi letu, watu kumi na mbili mpaka ishirini, tunatoka Mwenge kabla jua halijachomoza, Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka Bagamoyo chai na supu, tunarudi. Wawili wawili, na nyuma kabisa pikipiki ya msindikizaji inatukinga na malori. Utamu wa kundi ni kwamba ukiwa nyuma ya mwenzio anakukatia upepo, unaokoa nguvu nyingi sana, robo mpaka theluthi hivi, ila lazima ukae karibu, tairi lako na lake nafasi kama urefu wa mkono. Ndo maana kundi linaendeshwa kwa kuaminiana. Wa mbele akiona shimo anaonyesha kidole, anayefuata anarudia, inaenda mpaka nyuma. Akiona tuta anapiga kelele. Hakuna anayechuna breki ghafla.

Siku ya kwanza nimefika na hii baiskeli Kapteni wetu, mtu mzima ambaye ameendesha barabara ile kabla wengine hatujajua kufunga cheni, aliizunguka akaiangalia akasema nzuri, hongera, ila mdogo wangu hizo pembe kwenye kundi usizilalie. Nikamjibu sawa Kapteni. Na nilikuwa na nia kabisa, naapa. Tatizo ni kwamba ukikatazwa kulala unabaki kushika zile mbawa, na mbawa zimewekwa chini, hazina yale mabega ya mpira ya kupumzishia mikono kama rodibaiki, kwa sababu aliyezibuni hakutegemea ukae pale masaa mawili, alitegemea ukae pale kwenye kona na kwenye mwinuko tu. Baada ya Tegeta kiuno kinaanza kukudai. Halafu kubadilisha gia inabidi mkono uache breki uende mpaka nchani kwa pembe, uvute, urudi. Fikiria sasa mpo kwenye kamwinuko, kila mtu mwendo unapungua, na wewe ndo wakati huo huo mkono wako mmoja hauko kwenye breki. Hapo bado hujafanya kosa lolote, ndivyo baiskeli ilivyo. (Zile za gia za umeme zinaweza kuwekewa vitufe pande zote mbili, juu na chini, hilo linapungua, ila za umeme kwa bei yangu sahau.)

Jumamosi nne zikapita salama. Ya tano tupo kati ya Bunju na Mapinga, tupo kumi na nne, mi nipo mstari wa kushoto mtu wa nne, kiuno kinaniuma, upepo mzuri, barabara imenyooka, nkasema nalala dakika mbili tu ninyooshe mgongo. Si hata dakika ilifika. Bodaboda mbele akaona abiria ng'ambo akageuza pale pale bila indiketa bila kuangalia, wa mbele wakapiga kelele "boda!", kundi likapunguza kidogo, wala si breki ya nguvu, kupunguza tu. Mi nikanyanyuka kutoka kwenye pembe, mkono wa kushoto ukaiwahi breki, wa kulia ukawa bado uko kwenye pembe, na baiskeli ikafanya kile ambacho ingekuwa ajabu isingefanya, ikajirusha kulia. Mita moja labda. Kulia kwangu nyuma kidogo alikuwepo dada mmoja nesi, anaendesha vizuri kuliko nusu yetu, hajawahi kuyumba. Tairi lake la mbele likagonga la kwangu la nyuma akaenda chini, tena upande wa barabara, upande wa magari.

Mi sikuanguka. Hicho ndo kitu kilichonikaa mpaka leo. Aliyefanya ujinga yuko juu ya baiskeli yake ya milioni nne, aliyeko chini ni mtu aliyekuwa anafuata utaratibu wote. Bahati ya Mungu ile pikipiki ilikuwa imejitanua nyuma, lori la saruji likasimama mbali. Akatoka na ngozi ya mkono na ya nyonga imebaki kwenye lami, helmeti imepasuka, na kile kichuma kinachoshika gia ya nyuma kimepinda. Amekaa pembeni tunamwagia maji kidonda ananiangalia, hata hajakasirika, ananiuliza, "Kaka, kwani ulikuwa unafuata nini kule kulia?" Sikuwa na jibu. Helmeti na fundi nilivilipia mimi, ngozi siwezi.

Kapteni hakusema kitu mpaka tumefika Bagamoyo. Supu imekuja, chapati zimekuja, anakamua ndimu, ndo akasema, "Hiyo baiskeli sio mbaya. Ila ni ya mtu mwenye barabara yake." Akaendelea kula.

Niliporudi nikawa mbishi kidogo, nikasema labda ni mimi sijazoea, nifanye mazoezi. Nikaifunga ile baiskeli kwenye stendi ya kunyongea ndani, simu ikarekodi video, mke wangu anasimama nyuma yangu anapiga makofi muda anaotaka yeye, mi nikisikia kofi nishike breki. Nikiwa kwenye rodibaiki vidole viko tayari juu ya breki, nilikuwa nachukua sekunde 0.4 hivi. Nikiwa nimelala kwenye pembe, 0.9 mara nyingi, mara nyingine inazidi kidogo, na hapo nipo sebuleni, najua kofi linakuja, hakuna bodaboda. Tofauti nusu sekunde. Unaweza kuona ndogo. Sasa piga hesabu, kundi letu likiwa limechangamka linakwenda 36 kwa saa, hiyo ni mita 10 kila sekunde, nusu sekunde ni mita tano, na mwenzio yuko mbele yako kwa urefu wa mkono. Mazoezi gani hayo yatakayokupa mita tano.

Na breki ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni stelingi. Ukilala uzito wako mwingi unahamia mbele kwenye tairi la mbele, na mikono yako imebanana katikati, karibu kabisa na pale shingo ya baiskeli inapozungukia. Usukani mpana unakupa nguvu ya kuzuia tairi lisichezecheze, ukibana mikono katikati ile nguvu hauna, unaendesha kwa kuegemea viwiko. Ukinyanyua mkono mmoja kuonyesha shimo, uzito wote unabaki kwenye kiwiko kimoja na baiskeli inaenda upande. Kwa hiyo una mawili, usionyeshe shimo ili usiyumbe, nyuma yako mtu aingie shimoni, au uonyeshe halafu uyumbe umguse wa pembeni. Na rasta zile za barabarani, zile mistari ya kutetemesha kabla ya vivuko, ukiwa umelala viwiko vinarukaruka juu ya vimito kama maharage kwenye sufuria.

Na rimu nene. Zinapendeza, sibishi, kila mtu anataka kupiga nazo picha. Ila rimu ya milimita 60 ni ubao, upepo wa pembeni unaisukuma. Peke yako kwenye barabara tupu unajua namna ya kuinama nao. Kwenye kundi lori likikupita kwanza linakukinga upepo halafu linakuachia ghafla, unasukumwa huku na huku na mtu yuko sentimita arobaini pembeni yako. Nikibaki na hizi rimu basi ya mbele nitatafuta nyembamba zaidi, ya nyuma haina shida sana maana ya nyuma haigeuki.

Kitu kilichonifumbua macho kabisa ni sheria za michezo yenyewe, nikajiona mjinga kwa kutozisoma mapema wakati nimeshalipia mashindano. Kwenye Ironman, ile triathloni ndefu, na hizo 70.3 ambazo ni nusu yake, kunyonga nyuma ya mwenzio ni kosa, kwa watu wa kawaida kama sisi unatakiwa uache mita 12, na ukitaka kumpita unapewa sekunde 25 uwe umempita, ukizembea unapigwa adhabu ya kusimama. Mita 12! Yani hii baiskeli imebuniwa kwa ajili ya mchezo ambao ukimsogelea mwenzio unaadhibiwa. Halafu angalia upande wa pili, triathloni ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, kule wenye daraja la juu wanaruhusiwa kunyonga kwa kundi, na kule wanatumia rodibaiki, usukani wa kawaida wa kupinda, breki na gia mkononi. Wanatriathloni hao hao, na wenye miguu kuliko wote, wakiambiwa kaeni pamoja wanazishusha pembe.

Wanaoendesha mbio za barabarani nao hivyo hivyo. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, kuanzia Aprili 2021 walipiga marufuku mtu kulaza mikono juu ya usukani katika mbio za kuanza pamoja, hata kama hana pembe zozote, kile kitendo tu cha kulalia viwiko bila kushika. Pembe zenyewe zimeanza kupata jina kwenye Tour de France ya 1989, Greg LeMond aliingia siku ya mwisho na pembe, kilomita 24.5 kutoka Versailles mpaka Paris, akampindua Laurent Fignon aliyekuwa anaongoza na kuchukua ubingwa kwa sekunde nane. Watu wanapenda kuhadithia hiyo. Wanachosahau kuhadithia ni kwamba siku hiyo kila mtu alikuwa anaachiwa peke yake barabarani.

Na hata peke yako sio kinga kamili, tusidanganyane. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu kabla hajawa mshindi wa Tour mara nne, Juni 2019 alikuwa anakagua njia ya mbio za saa, zile za mmoja mmoja kushindana na saa, kule Ufaransa, yuko juu ya baiskeli ya pembe, akatoa mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukapiga tairi la mbele, akaingia ukutani. Paja, kiwiko, mbavu, vyote vilivunjika, na hakurudi tena kuwa yule Froome. Kupenga kamasi tu jamani. Halafu Januari 2022 Egan Bernal, bingwa wa Tour ya 2019, yuko mazoezini kwao Colombia na baiskeli ya namna hiyo, basi limesimama mbele, akaligonga nyuma, mifupa karibu 20. Baada ya hapo Froome mwenyewe akasema hadharani kwamba haoni kama hizi baiskeli ni salama kwenye barabara za wazi zenye magari. Sasa kama hao mikono ilizidiwa, mimi wa Mbezi ninayekaa ofisini siku tano nalala kwenye pembe katikati ya watu kumi na nne kwa ujasiri gani.

Nilijaribu njia za katikati, nizieleze maana najua kuna mtu ana hii baiskeli moja tu na hawezi kununua ya pili, na mi simlaumu.

Kwanza nilikaa mwisho kabisa wa kundi, bila kulala, nyuma yangu hakuna mtu wa kumwangusha. Hiyo ndo afadhali kuliko zote, na makundi mengine wanaruhusu hivyo. Shida yake kuna mkunjuko, wa mbele akiongeza kidogo wa mwisho anaachwa mbali, unabaki unakimbiza, na ukikimbiza unatamani kulala, na ukilala ndo unarudi kwenye kundi kwa spidi kubwa huku mikono haiko kwenye breki. Nilijikuta mara mbili nawaingilia kwa nyuma nimechelewa kunyanyuka. Pili nikamwomba Kapteni nikae mbele niwavute, nikisema mbele hakuna wa kumgonga. Akacheka. Akaniuliza shimo nani ataonyesha? Na mtu wa mbele ndo anayeona bodaboda kwanza, sasa tunampa kazi hiyo yule mwenye breki mbali kuliko wote? Nikanyamaza. Tatu, nilifungua kabisa zile pembe nikaja na mbawa tupu, lakini gia zinakaa kwenye pembe, ukizitoa unabaki na gia moja uliyoichagua nyumbani. Nilifika Bagamoyo kwa gia moja, ilikuwa vichekesho, siwezi kumshauri mtu.

Kama una rodibaiki ambayo umeifungia pembe za kubandika, wewe mambo yako mepesi. Breki na gia zako ziko palepale kwenye usukani, baiskeli inageuka vizuri, unachotakiwa ni kuzifungua tu Ijumaa usiku, alenki na dakika tano. Usije nazo ukisema sitazilalia. Na mimi nilisema hivyo. Halafu hata usipolala zile fimbo zimetangulia mbele kama mkuki, mkigongana zinaingia mgongoni kwa mtu.

Kuna jamaa kundini alinibishia, mbona timu za kulipwa wakiwa kwenye mbio za saa za timu wanalala wote na wanafuatana tairi kwa tairi? Kweli wanafanya. Ila barabara imefungwa, hakuna bajaji, hakuna mbuzi, wote wana baiskeli sawa mwendo sawa, wamefanya mazoezi pamoja mpaka wanajuana pumzi, na pamoja na hayo yote wanaanguka, tumewaona wakianguka. Kundi letu la Jumamosi kuna mtu kaja na baiskeli ya mlimani, kuna kijana wa chuo kaazima ya kaka yake, kuna mzee wa miaka sitini na moja. Mwingine akasema ukiwa na uzoefu haina shida. Uzoefu unakusaidia wewe usianguke, ndo kama mimi, sikuanguka. Muulize dada nesi.

Na hiyo faida yenyewe unayoing'ang'ania kwenye kundi haipo kihivyo, hiki kitu kilinichekesha nilipokitafakari. Kulala kunakuokoa na upepo. Ukiwa nyuma ya mtu upepo ameshaukata yeye. Kwa hiyo unabeba hatari yote ya pembe ili upate faida ambayo umeshaipata bure kwa kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzio.

Haya, vitu vidogo vidogo vya baiskeli yenyewe nimalize. Siti iliyokuja nayo ina pua iliyopasuka katikati, ni kwa ajili ya kukaa kwenye ncha ukiwa umelala, na ukiwa umelala ni nzuri sana. Ukikaa wima ni adhabu, inakubana sehemu ambazo sitaziandika hapa, wanaume mtanielewa na wanawake mtanielewa zaidi. Fundi: tafuta aliyewahi kushika nyaya zinazopita ndani ya fremu, maana wa kwangu wa mtaani alikaa masaa matatu anavua waya wa breki kwa uzi na sumaku, akafanikiwa, ila akaniambia nisirudi. Breki ya nyuma imefichwa chini karibu na pedali, ikipata mchanga wa Mapinga inakwaruza, isafishe kila wiki. Kichupa cha katikati ya mikono ni kizuri kwa joto letu, unakunywa bila kuachia chochote, ila kikijaa kinaongeza uzito palepale mbele pasipohitaji uzito. Tyubu za akiba nunua zenye mdomo mrefu kwa ajili ya rimu nene, mi nilipata pancha Zinga na tyubu ya mdomo mfupi, pampu haishiki, nikarudi na guta la mkaa. Mwenye guta alinitoza elfu tano na akanitaka nishike mkaa usianguke.

Sahivi utaratibu wangu uko hivi. Jumamosi nakwenda na rodibaiki yangu ya zamani, chuma, nzito, inalia, naendesha huku naongea na watu na hakuna anayeniogopa. Hii ya triathloni natoka nayo Jumanne na Alhamisi alfajiri, na hata hapo silali panapokuwa na makutano, stendi za daladala, masoko au magari yameanza kuwa mengi, kuanzia Boko kurudi mjini nashika mbawa tu, na macho juu, nimejifunza kwa Bernal. Mazoezi makali ya kulala muda mrefu nayafanya kwenye stendi sebuleni na feni mbili zinanipuliza, mke wangu analalamikia kelele na jasho kwenye zulia, ila makofi hapigi tena.

Kwa wanaoniuliza kama nauza, hapana, siuzi, labda baada ya Rubavu. Saizi ni 54, inamfaa mtu wa sentimita 170 mpaka 178 hivi. Na hata nikiuza kuna mtu kashawahi foleni, dada nesi, alikuja nyumbani wiki iliyopita akaipandia kwenye stendi, akalala, akanyonga robo saa bila kusema kitu, akashuka akauliza siti inashuka mpaka wapi. Nikamwambia bei. Akasema toa ya helmeti.

"Helmeti si nilishalipa?"

"Ulilipa ya kwanza," akasema.